Fibi, Priska, Yunia: wanawake walioongoza na kutumwa kabla Agano Jipya halijawa kitabu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna sura moja ya Biblia ambayo wahubiri wengi huipita mbio: Warumi 16. Ukifika pale unakuta majina na salamu, salamu na majina, mtu anafunga kitabu akiamini Paulo alishamaliza somo sura ya 15. Naomba leo tuisome taratibu. Salamu zile zinatuonyesha kanisa la Rumi lilivyokuwa karibu mwaka 57, kabla hata ya Injili nne kuandikwa kwa hesabu ya wasomi wengi.

Wa kwanza kutajwa ni Fibi. Paulo anasema ni dada yetu, ni mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea, na amekuwa msaada wa watu wengi, Paulo mwenyewe akiwemo. Kisha anawaagiza Warumi wampokee inavyowapasa watakatifu, wamsaidie kwa lolote atakalohitaji.

Kwa nini aanze na mtu ambaye si mkazi wa Rumi? Kwa sababu huyo ndiye aliyekuja na barua. Zama zile posta ya dola ya Kirumi ilikuwa ya shughuli za serikali. Mtu wa kawaida akiwa na barua alitafuta msafiri anayemwamini, na ndani ya barua akamtambulisha ili apewe malazi na asikilizwe. Hivyo ndivyo Fibi anavyotambulishwa. Hata nakala kadhaa za mkono za Kigiriki zina maneno mwishoni yanayosema waraka huu ulipelekwa kwa mkono wa Fibi wa Kenkrea.

Sasa itazame safari yenyewe. Korintho ilikuwa na bandari mbili. Kenkrea, kwao Fibi, ilikuwa upande wa mashariki, inatazama Efeso na Asia. Ya kuelekea Italia ilikuwa Lekayo, upande wa pili wa shingo ya nchi kavu. Kwa hiyo mama huyu anatoka kwao, anavuka kwenda upande wa magharibi, anapanda merikebu mpaka pwani ya Italia, halafu anaingia Njia ya Apio siku nyingi mpaka Rumi. Na si wakati wowote, maana miezi ya baridi watu waliogopa bahari. Kwenye mizigo yake kuna gombo la mafunjo lenye waraka mrefu kuliko nyaraka zote za Paulo, ambao Tertio aliuandika Paulo akitamka.

Halafu siku ya kusomwa. Maandishi ya wakati ule yalikuwa herufi zimeshikana, neno na neno bila nafasi, hakuna nukta, hakuna sura wala mistari. Huwezi kulichukua gombo la namna hiyo ukasimama mbele za watu ukalisoma bila kulipitia kwanza. Anayesoma lazima ajue wapi Paulo anauliza na wapi anajibu, wapi ananukuu maneno ya mpinzani na wapi anayapinga. Na kanisa la Rumi halikuwa na jengo moja. Lilikuwa nyumba nyumba: kuna kanisa la nyumbani kwa Priska na Akila, kuna ndugu waliokuwa pamoja na Asinkrito, kuna wa Filologo na Yulia. Barua ile yenye zaidi ya saa nzima ya kusoma ilibidi izunguke.

Waraka hausemi kama Fibi alisoma mwenyewe au alimpa mwingine asome. Ila mtu akiuliza, "Hapa kwenye habari za Israeli Paulo ana maana gani?" au "Hao dhaifu wasiokula nyama ni sisi?", ndani ya chumba kile aliyetoka kwa Paulo ni mmoja. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa juu ya Waraka kwa Warumi, kabla ya Agostino, kabla ya Luther, yaelekea sana alikuwa mwanamke wa bandarini.

Endelea kushuka na salamu. Ukimhesabu Fibi, wanawake wako kumi: Priska, Mariamu, Yunia, Trifaina, Trifosa, Persisi, mama yake Rufo, Yulia, na dada yake Nerea. Wanaosifiwa katika sura hiyo kwa kutaabika katika kazi ya Bwana ni wanne, Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi, na wote wanne ni wanawake.

Hoja yangu ni hii: kanisa la kwanza lilitembea kwa miguu ya wanawake hawa, na Paulo anawataja kama watu wa kazi wanaojulikana. Hawatetei wala hamwombi mtu radhi kwa ajili yao. Karibuni tujadili kwa heshima.

#2 – Mdau wa Mbeya

Mkuu, uzi mzuri, lakini naona umempandisha Fibi mno. Mbeba barua ni tarishi. Mimi nikimpa kondakta bahasha ampelekee mjomba Songea, kondakta hajawa msemaji wa ukoo wetu. Na "mhudumu" ni mtu wa huduma, labda alikuwa anapika na kupokea wageni. Tusiongeze yasiyokuwepo.

#3 – Mleta uzi

Mdau wa Mbeya, asante, hoja yako inastahili jibu.

Kwanza soma Wakolosai 4:7-9. Tikiko anapeleka barua, na Paulo anasema atawaarifu mambo yake yote na kuwafariji mioyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mleta barua wa Paulo. Sijasikia mtu akimwita Tikiko tarishi. Tumpe Fibi kipimo hicho hicho.

Pili, neno mhudumu. 1 Wakorintho 3:5 Paulo anauliza yeye ni nani na Apolo ni nani, anajibu: ni wahudumu. Kwa Kigiriki ni neno lile lile, na kwa Fibi limefungwa na kanisa maalumu, "wa kanisa lililoko Kenkrea". Hapo hapikwi chai.

Tatu, na hapa ndipo pana uzito: huo "usaidizi" wa Fibi. Katika jamii ya Kirumi kulikuwa na watu wenye uwezo ambao wengine walikaa chini ya kivuli chao. Mlezi wa namna hiyo alikupa mahali pa kukaa, alikutetea ukifikishwa mahakamani, alitoa fedha, alikujulisha kwa wakubwa. Paulo anasema Fibi alikuwa mtu wa namna hiyo kwa wengi na kwake pia. Mtu anayemlea mtume haagizwi kama kijana wa dukani.

Na usisahau sura ya 15. Paulo anasema anataka kwenda Hispania, na anatumaini Warumi watamsafirisha. Hajawahi kufika Rumi. Anahitaji nyumba, fedha, watu wa kumfungulia njia. Wapo wasomi wanaoona kwamba Fibi alitangulia kuandaa safari hiyo, na kwamba "lolote atakalohitaji kwenu" linahusu maandalizi hayo. Mimi naona inaingia vizuri kabisa.

#4 – Mdau wa Kisumu

Naungana nanyi. Niulize kuhusu Yunia, aya ya 7. Darasani kwetu tulifundishwa kwamba ni mwanamume. Nikiangalia kwenye Biblia naona Androniko na Yunia, walio maarufu miongoni mwa mitume, basi. Ukweli ni upi?

#5 – Mdau wa Moshi, mwalimu wa Biblia

Hili nalijibu mimi kwa ruhusa ya mleta uzi, maana nimelifundisha.

Yunia ni jina la kike la Kirumi na lilikuwa la kawaida mno. Limepatikana kwenye maandishi ya mawe ya Rumi zaidi ya mara 200. Lile la kiume linalodaiwa, "Yunias", halijapatikana hata mara moja katika maandishi ya wakati huo. Hilo peke yake linatosha kumpa mtu mashaka.

Halafu sikiliza waliokuwa karibu zaidi. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, Kigiriki kikiwa lugha yake ya nyumbani, alipofika aya hiyo alistaajabu: hekima ya mwanamke huyu ilikuwa kubwa kiasi gani hata akahesabiwa kustahili jina la mtume! Na Krisostomo hakuwa mtu wa kuwapigania wanawake wapewe uaskofu. Alisoma tu kilichoandikwa.

Kumgeuza kuwa mwanamume kulishika nguvu baadaye sana, Ulaya ya zama za kati, na tafsiri ya Luther ikaendeleza. Hata matoleo ya kitaalamu ya Agano Jipya la Kigiriki yalimwandika kama mwanamume kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kisha mwaka 1998 yakamrudisha kuwa Yunia mwanamke. Aliyebadilika ni msomaji. Maandishi yalikuwa yale yale.

Ubishi uliobaki ni mwingine: je, Androniko na Yunia walikuwa maarufu wakiwa mitume, au walijulikana tu kwa mitume? Wapo wasomi makini wanaoshika maana ya pili. Mimi nasimama na Krisostomo, kwa sababu alikisikia Kigiriki tangu utotoni. Na ona Paulo anaongeza nini: walifungwa gerezani pamoja naye, na walikuwa katika Kristo kabla yake. Huyo mama alikuwa Mkristo wakati Paulo bado anawasaka Wakristo nyumba kwa nyumba.

#6 – Mdau wa Dodoma

Yote mazuri, lakini mnakwepa maandiko ya wazi. 1 Timotheo 2:12 anasema simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha. 1 Wakorintho 14:34 wanawake na wanyamaze katika kanisa. Paulo ni yule yule. Salamu za sura moja haziwezi kufuta amri.

#7 – Mleta uzi

Mdau wa Dodoma, sikwepi, na wala sisemi makanisa yanayoshika aya hizo yanafanya hila. Ila amri isomwe pamoja na matendo ya aliyeitoa.

Anza na barua ile ile ya Wakorintho. Sura ya 11 aya ya 5 Paulo anaeleza mwanamke avaeje kichwani anaposali na anapohutubu kwa unabii, tena katika mkutano. Huwezi kumwekea mtu utaratibu wa kusema halafu sura tatu mbele ukawa umemkataza kufungua kinywa kabisa. Kwa hiyo ukimya wa sura ya 14 una mipaka yake. Sura yenyewe inazungumzia vurugu za ibada, na inawanyamazisha wengine pia: mwenye lugha asiye na mfasiri, na nabii ambaye mwenzake amepata ufunuo. Tena kuna nakala za kale ambazo aya za 34 na 35 zimewekwa mwisho wa sura, baada ya aya ya 40, jambo linaloonyesha walionakili hawakuafikiana mahali pake.

Timotheo naye alikuwa wapi alipoandikiwa? Efeso. Na Efeso ndipo Apolo alipofika, msemaji hodari wa Maandiko kutoka Aleksandria, akijua ubatizo wa Yohana tu. Matendo 18:26 inasema nani alimchukua kwake akamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi? Prisila, ndiye Priska yule yule, na Akila. Wala hawakumvizia gizani. Luka anaiandika habari hiyo kwa furaha. Wanandoa hawa wanatajwa mara sita katika Agano Jipya, na mara nne jina la mke linatangulia. Walikuwa mafundi wa mahema, walifukuzwa Rumi wakati wa Kaisari Klaudio, wakafungua nyumba zao kwa kanisa huko Efeso na tena Rumi. Paulo anasema waliweka shingo zao hatarini kwa ajili yake.

Sasa ama Paulo alimwacha Prisila afanye kile alichokikataza, ama katazo la 1 Timotheo lilihusu tatizo la mahali pale, ambako barua yenyewe inalalamikia mafundisho ya uongo tangu sura ya 1. Mimi nashika la pili. Wewe ukishika lingine tutabaki ndugu, lakini nikuombe kitu kimoja: unapohubiri 1 Timotheo 2, Jumapili nyingine hubiri Matendo 18.

#8 – Mdau wa Bukoba

Mimi ni Mkatoliki na nashangaa hamjamtaja Maria Magdalena, maana utume wa habari ulianzia kwake. Yohana 20: Petro na mwanafunzi mwingine wamefika kaburini, wameona sanda, wamerudi nyumbani. Yeye amebaki nje analia. Anaitwa kwa jina lake, anatambua, na anapewa ujumbe aupeleke kwa ndugu. Anakwenda, anasema amemwona Bwana.

Kinachoniuma ni jinsi alivyochafuliwa. Hakuna Injili inayosema alikuwa kahaba. Luka 8 inasema aliponywa pepo saba, na kwamba yeye na Yoana na Susana na wengine walimhudumia Yesu na wenzake kwa mali zao. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu katika mahubiri yake alimchanganya na yule mwenye dhambi wa Luka 7 na Maria wa Bethania, wakawa mtu mmoja. Makanisa ya Mashariki hayakufuata mchanganyo huo. Sisi wa Magharibi tumeubeba miaka zaidi ya elfu, mpaka kalenda ya mwaka 1969 ilipomtenganisha. Mwaka 2016 Papa Fransisko akapandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, daraja moja na mitume, akitumia sifa ya zamani ya "mtume wa mitume". Lakini nenda parokiani leo uulize Magdalena ni nani, utasikia jibu la mwaka 591.

#9 – Mdau wa Mbeya

Hapo kwa Tikiko umenijibu, nakubali. Je, nje ya Biblia kuna ushahidi? Maana mtu anaweza kusema haya yaliisha na mitume.

#10 – Mleta uzi

Upo, tena mmoja umetoka kwa adui.

Karibu mwaka 112 gavana Mrumi aitwaye Plinius, akitawala Bithinia na Ponto, kaskazini ya Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traianus kuomba mwongozo wa namna ya kuwahukumu Wakristo. Alitaka kujua wanafanya nini kwenye mikutano yao. Akawakamata wanawake wawili, watumwa, akawatesa ili waseme. Na anaeleza kwamba Wakristo wenyewe waliwapa wanawake hao cheo cha wahudumu. Anasema hakupata kitu isipokuwa imani potofu iliyopita kiasi.

Nawaomba msiipite barua hii haraka. Gavana anataka siri za kanisa, na anaowakamata ni wanawake wawili. Na wale hawakuwa na mali kama Fibi. Walikuwa mali ya mtu, kwa sheria ya Rumi ushahidi wa mtumwa ulichukuliwa kwa mateso, na ndani ya kanisa walikuwa viongozi. Majina yao hakuyaandika.

Karne ya 3, kitabu cha mwongozo wa kanisa kutoka Siria kinaeleza kazi za mashemasi wa kike: kuwapaka mafuta wanawake wakati wa ubatizo, kuwafundisha waliobatizwa, kuwatembelea wagonjwa katika nyumba za wapagani ambako mwanamume hawezi kuingia. Mwaka 384 msafiri Egeria alifika kwenye kaburi la Mtakatifu Thekla karibu na Seleukia, akamkuta Marthana, shemasi, rafiki yake waliyejuana Yerusalemu, akiongoza nyumba za watawa. Furaha yake unaisikia kwenye maandishi. Krisostomo naye aliandika barua 17 kutoka uhamishoni kwa Olimpia, shemasi wa Konstantinopoli.

Na kule Mlima wa Mizeituni, Yerusalemu, limepatikana jiwe la kaburi la shemasi aitwaye Sofia. Wamemwita "Fibi wa pili". Karne kadhaa baada ya ile safari ya Rumi, watu walikuwa bado wanajua Fibi ni kipimo cha nini.

#11 – Mdau wa Kisumu

Basi walipotelea wapi?

#12 – Mleta uzi

Hawakutoweka siku moja, na sababu zilikuwa zaidi ya moja.

Ubatizo wa watu wazima ulipopungua na watoto wachanga wakawa ndio wanaobatizwa, kazi ya kuwapaka mafuta wanawake ilipungua nayo. Kanisa lilihama kutoka nyumba za akina Priska na Nimfa na Lidia kwenda majengo makubwa ya hadhara, na katika mambo ya hadhara ya Kirumi mwanamke hakuwa na kiti. Nyumbani mwenye nyumba ndiye anayepanga mambo. Kwenye jengo la umma wanapanga wenye vyeo. Hii sababu ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza, ingawa haitajwi sana.

Magharibi walianza kukataza mapema: mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Orange, Ufaransa ya leo, mwaka 441 ulisema mashemasi wa kike wasiwekewe mikono tena. Ukikataza kitu, maana yake kilikuwa kinafanyika. Mashariki walikuwa tofauti. Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ulisema mwanamke asiwekwe kuwa shemasi kabla ya miaka 40, na mwaka 535 Kaisari Justiniano alipoweka kikomo cha wahudumu wa kanisa kuu la Konstantinopoli aliruhusu mapadre 60, mashemasi wanaume 100 na mashemasi wanawake 40. Arobaini katika kanisa moja! Baadaye daraja hiyo ilififia huko pia, ikabaki zaidi kwenye monasteri.

Tarehe 2 Mei 2024 Kanisa la Kiorthodoksi la Patriarkati ya Aleksandria lilimweka Angelic Molen kuwa shemasi huko Zimbabwe, ahudumu altareni na parokiani. Wapo Waorthodoksi waliofurahi na wapo waliopinga vikali. Swali la upadre ni jingine, na waliomweka hawakuligusa. Waliloshikilia ni kwamba daraja ya ushemasi wa kike katika kanisa lao haikuwahi kufutwa na kanuni ya mtaguso mkuu wowote, ililala tu.